Fomu ya Afya Niliyomjazia Mwanangu

Naandika haya kwa ajili yenu, akina mama wenzangu mlio na watoto vyuoni, hasa wewe ambaye simu ikiita siku isiyo yake unaikimbilia na unga mikononi. Mimi ni mwenzenu. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini mwandiko wangu ni mzuri, mtaani kwetu kila mtu anajua, na mwandiko huo ndio ulioniponza.

Kazi yangu ni dobi wa hospitali. Mwaka wa kumi na tisa huu napiga pasi mashuka. Mtu wa kazi hii haioni dunia kama wengine. Kila shuka linalofika mezani kwangu limetoka chini ya mtu aliyepatwa na jambo. Huyu gari, huyu moto, huyu aliteleza bafuni tu. Wanaopona wanatoka kwa mlango wa mbele na miguu yao, mimi siwaoni. Naona mashuka.

Mwanangu ni mmoja, wa kike. Baba yake alihamia kwa watu wengine mtoto akiwa bado anatambaa, na yeye si habari ya leo. Tulibaki watatu: mimi, mwanangu, na mdogo wangu, fundi cherehani, ambaye mwanangu anamwita mama mdogo. Mdogo wangu ana kifafa tangu utotoni. Anameza vidonge vyake asubuhi na jioni, anashona sare za shule za mtaa mzima, na siku akianguka, akiamka swali lake la kwanza ni, "Kitambaa hakijachafuka?" Mumkumbuke, maana na yeye nilimkosea.

Mwanangu alipopata nafasi ya kusomea sayansi ya bahari, bahari yenyewe sikuwa nimewahi kuiona. Nilimpeleka mwenyewe, safari ya siku nzima. Nilitegemea majumba makubwa. Nikakuta tawi dogo la chuo, wanafunzi hawafiki mia tatu, majengo manne ambayo chumvi imeyabambua rangi. Maktaba ni chumba kimoja chenye feni inayolia. Mchanga umeingia kila mahali, mpaka kwenye droo ya karani aliyetuandikisha, aliivuta ikakwaruza, akasema, "Karibuni, mtazoea." Milango ya bweni ilikuwa imevimba kwa unyevu, kuifunga mpaka uisukume kwa bega. Na maji yenyewe yalikuwa pale pale, nyuma ya maabara, hata ukuta hakuna. Nilisimama na sanduku kichwani nikayatazama. Hayakuwa na mwisho.

Msichana aliyepangiwa chumba kimoja na mwanangu alinipokea sanduku.

"Shikamoo mama! Karibu. Mimi wananiita Redio, ila redio betri zikiisha inanyamaza. Mimi siishiwi."

"Marahaba mwanangu. Kuogelea unajua?"

"Mama, hata kuzama najua."

Mwanangu akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na maneno hayo.

Ila niseme ukweli, mwaka ule wa kwanza nilipata raha ambayo sikuijua. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana simu inaita, na mwanangu anaongea saa nzima. Alikuwa ananihadithia kila kitu. Mwalimu wa kemia anayevaa soksi na kandambili. Redio aliyesinzia maktaba akaamka na wino wa kitabu shavuni. Akanieleza kwamba chini ya bahari kuna majani, majani kabisa, yana mizizi na maua, na samaki wanazalia humo kama kuku kichakani. Wanayahesabu kwa fremu ya mabomba ya plastiki, mraba, unaiweka chini halafu unahesabu kilichomo. "Mama, ukitulia juu yake, majani yote yanalala upande mmoja kama umeyachana kwa kitana." Mimi sikio moja kwenye simu, mkono kwenye pasi, naona kama nami nimo humo chuoni.

Siku moja akaniambia Redio amemfundisha kuogelea. Kwenye maji ya kiuno, akasema. Wiki iliyofuata ya kifua. Ya tatu hakutaja kipimo. Wenzake wakaanza kumwita Samaki.

"Samaki gani wa kwetu sisi tusio na hata dimbwi?" nikamwambia.

"Ndiyo maana wanashangaa, mama!"

Nikamuuliza amekula nini, ili tutoke majini.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Mwaka wa pili, likizo ya katikati, alikuja nyumbani na bahasha ya kaki. Muhula uliokuwa unafuata walikuwa na mafunzo ya majini, wiki sita, na kila mwanafunzi alitakiwa kurudisha fomu ya afya. Upande wa kwanza anajaza mwenyewe. Upande wa pili anajaza mzazi au mlezi, kuhusu maradhi ya utotoni, halafu mzazi mwenyewe anaifunga bahasha.

"Mama, we andika hapana, hapana, hapana mpaka chini. Mimi buheri wa afya," akasema, akachukua taulo lake. Akaingia bafuni akajifungia komeo, akaanza kuimba kwa sauti kama yuko peke yake duniani.

Wiki ile ile nilikuwa nimeletewa shuka la kijana aliyeopolewa mtoni. Alikuwa na umri wa mwanangu. Nilikung'uta mchanga kwenye shuka lile mara tatu, na kila nikiliweka mezani pasi inapita juu ya chembe nyingine, inakwaruza. Sikumjua mtoto wa watu. Lakini mchanga ule niliondoka nao mpaka nyumbani.

Nikasoma maswali. La saba liliuliza: Je, amewahi kupoteza fahamu au kuanguka kifafa? Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika, Ndiyo. Chini palikuwa na mistari minne ya maelezo, nikaijaza yote minne. Niliandika alivyoanguka akiwa na miaka kumi na mmoja, macho yalivyopanda juu, povu, mkono wa kushoto ulivyotangulia kutetemeka, na kwamba alivyoamka hakukumbuka kitu. Sikuhitaji kubuni. Nilikuwa namwandika mdogo wangu, ambaye nimemshika kichwa tangu mimi mwenyewe nikiwa mtoto. Hata ule mkono wa kushoto ni wake.

Nikailamba bahasha nikaifunga. Bafuni alikuwa bado anaimba.

Mnaweza kuniuliza nilikuwa nafikiria nini. Nilifikiri watamweka ufukweni aandike wenzake wanachokiona. Nilifikiri chuo ni vitabu, na hayo ya kuingia majini ni nyongeza, kama sisi tulivyokuwa tunapelekwa shamba la shule Ijumaa. Sikumuuliza. Mtu wa kumuuliza alikuwa hatua sita kutoka mezani, na sikumuuliza.

Simu ilikuja Jumatano. Nilikuwa na rundo la mashuka ya wodi ya wazazi mbele yangu.

"Mama," akasema, "niliwahi kuanguka nikiwa mdogo?"

Pasi niliiacha juu ya kitambaa. Mpaka leo shuka lile lina alama.

"Kwa nini?"

"Mwalimu wa majini amenitoa kwenye orodha. Nikamwambia mimi sijawahi kuzimia hata siku moja. Muuguzi wa chuo akasema mwenye kuanguka mara nyingi hakumbuki, anayekumbuka ni mama yake. Mama, ni kweli?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi, mama mwenzangu. Fomu ningeweza kusema nilikosea mstari. Dakika moja ya aibu, yangu peke yangu.

"Ni kweli," nikasema. "Ulikuwa mdogo."

Nilisikia bahari kwenye simu, au labda ni upepo.

"Mbona hukuniambia?"

"Sikutaka kukutia hofu."

"Wanasema nikapimwe hospitali kubwa. Nikipata cheti wataniruhusu mwakani."

"Mwanangu, hospitalini nashinda mimi. Vipimo hivyo huwa havionyeshi kitu. Utajihangaisha bure. Kaa mbali na maji tu, basi."

Mimi dobi, nikamsomea majibu ya daktari. Naye akaniamini, maana tangu azaliwe sikuwa nimewahi kumdanganya jambo kubwa.

Bila yale mafunzo hakuna kuendelea na sayansi ya bahari. Hilo nililijua baadaye, yeye alilijua siku ile ile. Wakamhamishia takwimu, jengo la upande wa barabara. Akawa anajaza kwenye kompyuta hesabu za samaki waliovuliwa na watu wengine na majani waliyoyahesabu wenzake. Jumapili aliendelea kupiga simu, ila kwa muda mfupi.

"Redio hajambo?"

"Hajambo. Yuko majini."

"Na wewe bado wanakuita Samaki?"

"Siku hizi Samaki wa Kopo, mama." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekuonyesha kidonda huku akisema hakiumi.

Nisiwafiche: miezi ile nililala usingizi mzuri. Nililala kama mtoto, na mwanangu alikuwa ameanza kuishi na ugonjwa ambao hana.

Nilikuja kuyajua mengine kupitia kwa Redio. Kwamba alimwomba wabadilishane vitanda, akashuka cha chini. Kwamba hakupanda tena ngazi ya maktaba kuchukua vitabu vya rafu ya juu. Chai alimiminiwa na wenzake, asije akaanguka na birika. Palikuwa na kijana mmoja wa maabara, mpole, alikuwa anampenda. Akamwambia kijana wa watu atafute mwingine, yeye ana jambo lake. Na bafuni aliacha kujifungia. Mlango aliuegesha, na muda wote akiwa ndani anaguna wimbo, ili Redio aliyeko nje, akisikia kimya, aingie. Miaka karibu miwili, msichana mzima wa afya anaoga akiguna.

Likizo ndefu kabla ya muhula wa mwisho, alishuka kwenye basi na kabla ya kufika kwangu akapitia kwa mama yake mdogo. Alitaka kujua mtu anaishije na kifafa ofisini, akipata kazi. Mdogo wangu alikuwa anashona kola, na baadaye alinisimulia neno kwa neno.

"Mama mdogo, sisi wenye kifafa, bosi unamwambia siku ya kwanza au unasubiri?"

Mdogo wangu akasimamisha cherehani. "Sisi nani?"

"Mimi na wewe."

"Wewe nani kakuroga? Mtoto nimekulea mgongoni, siku gani umeanguka?"

"Nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mkono wa kushoto ukatangulia."

Mdogo wangu akautazama mkono wake wa kushoto. Aliniambia hapo ndipo alipoelewa, na kwamba hakujua aanze kulia kwa ajili ya nani.

Walikuja wote wawili, saa tisa mchana. Nilikuwa uani naanika. Mwanangu hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Mama, uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Hata niliposema nikapimwe?"

Nilikuwa na shati mkononi, nikalikamua mara ya pili, na lilikuwa limeshakamuliwa.

"Nilikuwa nakuogopea," nikasema.

"Na mimi nilikuwa najiogopa, mama. Kila siku. Nikivuka barabara najiogopa."

Mdogo wangu ndiye aliyenisema. "Dada, ugonjwa wangu umeuazima bila hata kuniomba. Miaka yote hii nashona, nalipa kodi yangu, naishi, kumbe machoni pako mimi ni kitu cha kumtishia mtu." Akachukua mkoba wake akaondoka. Aliondoka bila kuniaga, na hajawahi kufanya hivyo tangu tuzaliwe.

Chuo kilipofunguliwa nilipanda basi pamoja na mwanangu. Hakuniambia nije wala nisije. Mwalimu wa majini nilimkuta ofisini kwake, mwanamke mfupi mwenye filimbi shingoni, nywele zimelowa. Nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Akafungua kabati la chuma, akatoa faili, akaiweka fomu mbele yangu.

"Mama, nimefanya kazi hii miaka kumi na nne," akasema. "Wazazi wananiletea uongo wa kila aina ili watoto wasiingie majini. Pumu, mafua, ndoto mbaya. Nawajua. Huu sikuushuku kwa sababu ulikuwa umeandikwa vizuri mno."

Akanipa karatasi tupu. Nikaandika kwamba maelezo ya swali la saba si ya mwanangu, nimeyatunga mimi, mama yake. Mwandiko ulitoka vibaya, herufi zinapanda na kushuka, nikaomba karatasi nyingine. Akasema, "Hiyo hiyo inatosha."

Nikamuuliza, sasa atarudi kwenye masomo yake? Akavuta kiti akakaa, nikajua jibu.

"Akitaka, mlango uko wazi. Ila ataanza mwaka wa pili upya, na wenzake wanamaliza baada ya miezi mitatu. Huko aliko anamaliza naye. Aamue mwenyewe." Akamgeukia mwanangu aliyekuwa mlangoni. "Samaki, unasemaje?"

"Nitamaliza huku niliko, mwalimu. Nimechoka kuanza."

Nilitaka kusema neno. Mwalimu akanitazama tu, nikalimeza.

"Basi kesho asubuhi natoka na mwaka wa pili," akasema. "Njoo uingie nao. Hakuna alama, hakuna cheti."

Kesho yake nilikaa kwenye ngazi ya nyuma ya maabara. Mwanangu alivaa vitu vya kuazima kwa Redio, miwani ya maji ilimbana, akaingia polepole, magoti, kiuno. Pale kwenye kifua akasimama, na mimi nikajua anachokisubiri. Alikuwa anasubiri mkono wa kushoto utetemeke. Nilimwona anaunyanyua mkono juu ya maji, anautazama. Redio alikuwa kando yake, kwa mara ya kwanza haongei. Kisha mwanangu akalala juu ya maji, uso chini, akaenda.

Nilihesabu. Sikujua nahesabu nini, nilihesabu tu. Kichwa kikionekana naanza upya. Mwili wote ulikuwa unaniambia nimwite arudi, na nilikaa kwenye ile ngazi nikashikilia ukingo wake. Sina sifa ya kujisifia hapo. Ningekaa hivyo miaka miwili iliyopita, nisingekuwa naandika haya.

Alitoka baada ya muda mrefu, miwani imemchora duara usoni. Akapita karibu yangu akitiririka maji.

"Umeona nini, mwanangu?"

Zamani ningeketi saa nzima. Ningejua rangi, ningejua yamelalia upande gani, ningejua Redio kasema nini.

"Majani, mama," akasema, akaenda kujifuta.

Sasa amemaliza. Ana kazi ya takwimu kwenye ofisi moja, meza yake iko mbali na dirisha, hivyo tu ndivyo ninavyojua. Alikwenda akapimwa, hana kitu, cheti alimpelekea mama yake mdogo akakisome. Mimi nilionyeshwa na mdogo wangu, ambaye tumeanza kusalimiana. Jumapili simu inaita bado, sikatai. "Salama, mama. Kazi nzuri, mama. Nimekula, mama." Kila nikiuliza, jibu linatosha, halibakizi kitu.

Mwezi uliopita alikuja siku mbili. Asubuhi alichukua taulo akaingia bafuni. Nilikuwa jikoni, nikategea nisikie komeo. Sikulisikia. Mlango aliuegesha, maji yakaanza kumwagika, na juu ya maji nikasikia anaguna ule wimbo, polepole, bila kukatisha. Cheti anacho, lakini mwili wake haujakisoma.

Nilitaka kumwambia, jifungie tu mwanangu, huna neno. Nikafika mpaka mlangoni. Lakini neno langu juu ya afya yake nilikwisha kuliharibu mwenyewe, kwa mwandiko mzuri, mistari minne. Nikavuta kigoda nikakaa pale nje, kwenye nafasi ya Redio, nikasikiliza, ili akinyamaza awepo mtu.